Majani ya Mchungwa wa Kisimani

Mwanamke anayeniuzia machungwa jirani na nyumbani huyapanga mafungu ya matano matano, na juu ya kila fungu huacha chungwa moja lenye kikonyo na jani lake. Jani lile ni tangazo: haya yamechumwa jana, usihangaike kwenda kwingine. Wiki iliyopita nilinyanyua fungu, jani likanikatikia mkononi, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimelifikicha pembeni, nimelinusa, kisha nimeliinua juani na kulitazama kwa jicho moja, kama daktari anayetazama picha ya mifupa.

"Mama," akasema, "unanunua au unasoma?"

Nikamwambia kwamba mti uliotoa jani hili una njaa ya zinki. Akanitazama kwa ile huruma ambayo watu wa soko huwawekea wateja wa aina fulani, akaniongezea chungwa la sita bure. Nadhani aliona ninalihitaji.

Mimi si mtaalamu wa miti. Chuo kikuu nilisoma fasihi, nikaandika tasnifu nene ambayo mpaka leo imesomwa na watu wawili, na mmoja wao ni mimi. Maua niliyopanda kwenye makopo barazani yamekufa yote, tena kwa zamu, kana kwamba yalipangiana. Lakini jani la mchungwa nalisoma. Nilifundishwa nikiwa na miaka tisa, na masomo yale yaligharimu mti mzima.

Tuliishi Igogo, Mwanza, mimi na mama, katika vyumba viwili vilivyojaa madaftari ya kusahihisha, kwa kuwa mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwili wake ulifundisha Igogo lakini moyo wake ulikuwa ng'ambo ya ziwa. Kila Jumamosi asubuhi tulipanda kivuko hadi Kamanga, tukashuka, tukatembea kwa miguu mpaka kwenye ardhi ambayo baba yao aliwaachia yeye na kaka yake. Huko alikuwa na michungwa sitini aliyoipanda mwenyewe kabla sijazaliwa. Miche yake aliivusha ziwa kidogo kidogo, ameifunika kwa kanga isipigwe na upepo. Waliomwona wakati ule walikuwa wakisema aliibeba kwa uangalifu zaidi kuliko alivyonibeba mimi baadaye, na mama hakuwahi kuwakanusha.

Mahali pa kupanda palichaguliwa na kaka yake, Mjomba Masanja, ambaye aliishi palepale na ng'ombe wake. Mjomba alimpa eneo la boma la zamani, mahali ambapo ng'ombe wa ukoo walilala miaka na miaka kabla boma halijahamishwa. Kwa Msukuma, sijui kama kuna zawadi kubwa kuliko hiyo. Udongo wake ulikuwa mweusi, laini, umeshiba samadi kiasi kwamba ukichimba kwa kidole unatoka na harufu ya maziwa. Na Mjomba hakuishia hapo. Kila kiangazi aliongeza samadi nyingine, mikokoteni kwa mikokoteni, akiirundika kwenye mashina kwa ukarimu wa mwenyeji anayemsukumia mgeni tonge la kumi.

Miaka ya mwanzo michungwa ilimshukuru. Baadaye ikaanza kufifia. Majani mapya yalitoka madogo, membamba, yamesimama wima na kubanana kwenye ncha za matawi kama masikio ya mbuzi aliyeshtuka. Rangi yake ilikuwa njano, isipokuwa kwenye mishipa ambako ukijani ulikuwa umeng'ang'ania. Machungwa yakawa ukubwa wa ndimu. Mjomba alipoona njano aliongeza samadi. Alipoongeza samadi, njano ikazidi. Nayo ilipozidi, akaenda kutafuta mkokoteni mkubwa zaidi.

Mwaka ninaousimulia, Mjomba alikata tamaa. Tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba yake, mama anamenya mihogo, mimi mlangoni nachambua dengu.

"Dada, hii miti imeoza mizizi," akasema. "Kitu kinakula hivi halafu hakinenepi, ugonjwa uko ndani. Ng'ombe wa namna hiyo tunachinja."

"Hii si ng'ombe, Masanja."

"Ndiyo maana naumia. Ng'ombe ningemla."

Alitaka kuing'oa yote kabla ya mvua za vuli apande pamba. Ardhi ilikuwa yao wawili, na mama alijua kwamba hoja zake zilikuwa zikipungua pamoja na machungwa. Akaomba jambo moja tu: wamwite bwana shamba aipime kwanza. Kama vipimo vingeonyesha miti imekosa kitu kinachoweza kutafutwa, wangekitafuta. Kama visingeonyesha chochote, basi kweli ugonjwa ulikuwa kwenye mizizi, na Mjomba angeruhusiwa kuleta shoka. Wakakubaliana hivyo.

Mimi nilisikia maneno yote, na nikayaelewa kinyume. Nilikuwa mtoto wa mwalimu. Nilivyojua mimi, mtu anapimwa kwa sababu moja, nayo ni kuona kama amefaulu. Aliyefaulu anabaki, aliyefeli anaondoka. Kwa hiyo nililala siku ile nikijua kwamba michungwa ya mama itafanya mtihani, na nikitazama ile rangi yake sikuona jinsi itakavyofaulu.

Bwana shamba alifika Jumamosi iliyofuata kwa kivuko kilekile tulichopanda sisi, na alikuwa mwanamke. Aliitwa Bi Koku, mtu wa Bukoba, kijana bado, mwenye miwani mikubwa na viatu vya mpira vilivyomfika magotini. Mjomba alimsalimia, kisha akachungulia nyuma yake.

"Bwana shamba yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Mjomba akafikiri kidogo. "Basi karibu, Bwana Shamba," akasema, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwita jina lingine. Kisha, kwa kuwa hakuweza kumwacha mgeni apumue bila kumtania, akaongeza, "Nyie wa Bukoba nasikia hata ndizi mnaimenya kwa Kiingereza."

"Na nyie nasikia mkiumwa kichwa mnapakaa samadi."

"Haijawahi kutudhuru," Mjomba akajibu kwa fahari.

Nikampa Bi Koku shikamoo, akaniitikia marahaba, akanikabidhi mifuko miwili ya karatasi za kaki na penseli. Nilimuuliza kwa nini asitumie mifuko ya nailoni kama watu wengine. Akasema kwenye nailoni jani hutoka jasho na kuoza, na jani lililooza halitoi ushahidi. Akaanza kupita mti kwa mti, nami nyuma yake. Kila mti aliuzunguka, akachuma majani machache kutoka pande zake nne, kwenye usawa wa bega lake, kwenye matawi yasiyo na tunda. Hakugusa majani machanga ya nchani, wala yale makubwa ya ndani.

"Kinda bado ananyonya, hajui njaa," akanieleza. "Kikongwe amechoka, ukimuuliza atakulalamikia mambo ya zamani. Sisi tunamuuliza mtu mzima."

"Anajibu?"

Badala ya kunijibu akatoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akakiweka kwenye jicho langu, akanishikia jani mbele yake kuelekea juani.

Nimeona vitu kadhaa maishani vilivyopaswa kunishangaza, vingine nilivilipia nauli ya mbali. Hakuna kilichowahi kunifanya nisahau kupumua namna ile. Jani nililolidhania kipande cha kitu bapa lilikuwa nchi. Mshipa mkubwa ulipita katikati kama mto, ukagawanyika kuwa mito midogo, nayo ikagawanyika, na kila kijito kikaenda kukutana na kijito cha jirani mpaka pasibaki mahali pasipofikiwa na maji. Katikati ya vijito kulikuwa na vitone vya mwanga, mamia kwa mamia, vinang'aa kama vimetobolewa kwa sindano. Bi Koku alisema vile ni vifuko vya mafuta, na kwamba ile harufu ya mchungwa inakaa humo. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa najaribu kuelewa jambo moja: mti ule ulikuwa na majani maelfu, na ndani ya kila moja kulikuwa na nchi kama hii, na mimi miaka yote nilikuwa nikiyatumia kufagilia siafu.

"Anajibu," Bi Koku akasema. "Hili jani linajua mti umekula nini na umekosa nini. Lakini kwa macho tu huwezi kuwa na hakika, njaa nyingi zinafanana. Kinywa chake tutakifungua maabara."

"Na akijibu vibaya?"

Alikuwa anaandika. "Basi tutajua la kufanya," akasema bila kuinua kichwa.

Nikageuka kutazama ukutani, ambako shoka la Mjomba lilikuwa limeegemea. La kufanya nililijua tayari.

Walipokwenda kula, mifuko ilibaki kwenye benchi barazani. Ndani ya nyumba kulikuwa na ugali na sato, na Mjomba alikuwa ameanza hadithi ya fahali wake, ambayo haikuwahi kuwa fupi. Nikaichukua mifuko nikashuka nayo kisimani.

Pale kisimani, mbali kabisa na boma la zamani, palikuwa na mchungwa mmoja ambao hakuna aliyeupanda. Labda mtu alitema mbegu wakati anasubiri ndoo ijae. Haukuwahi kupewa samadi hata koleo moja. Machungwa yake yalikuwa machachu kiasi kwamba ngedere walionja wakaondoka kimya. Lakini majani yake, ee Mungu, yalikuwa mapana, mazito, ya kijani cha kung'aa. Nikamwaga ya mama yote mbele ya mbuzi wa Mjomba, wakayamaliza. Kisha nikachuma mapya. Nilizunguka pande nne. Nilipima usawa wa bega kwa kusimama juu ya ndoo. Sikugusa kinda wala kikongwe, nilikwepa matawi yenye matunda, na nilihesabu majani mpaka idadi ikatimia katika kila mfuko. Udanganyifu wangu ulifuata taratibu zote za kitaalamu.

Jioni tulirudi na Bi Koku kwenye kivuko. Alikaa na mifuko mapajani, ameikumbatia kwa mikono miwili, na nilimpenda sana. Mama alikuwa anatazama mawe ya Mwanza yakikua mbele yetu. Nilitamani kumwambia asiwe na wasiwasi. Nilijiona mtu mkubwa kuliko wote waliokuwa ndani ya kivuko kile, pamoja na nahodha.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, kwa barua iliyoletwa shuleni. Mama aliifungua nyumbani, amekaa juu ya sanduku la nguo. Bi Koku aliandika kwamba majani hayakuwa na upungufu wowote, kwamba lishe yake ni nzuri kabisa, kwamba jambo hilo limemshangaza kwa sababu macho yake yaliona tofauti, na kwamba wasifanye lolote mpaka aje kuchunguza mizizi mwisho wa mwezi.

"Imefaulu!" nikaruka.

Mama akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya ugenini. "Imefaulu," akarudia polepole. Akaikunja barua mara nne, akaiingiza kwenye daftari la mtoto wa watu, kisha akaanza kuitafuta.

Nilisubiri afurahi. Nilisubiri Jumatatu, Jumanne, wiki nzima. Alisahihisha madaftari, akapika, akanisuka nywele, na mara moja nilimkuta amesimama dirishani ameshika kijiko cha mbao huku mboga zinaungua.

Jumamosi tulivuka. Mama alimsomea Mjomba ile barua neno kwa neno, pamoja na yale maneno ya mwisho ambayo angeweza kuyaacha.

"Si nilisema?" Mjomba akasema, lakini hakusema kwa ushindi. "Majani yanakula vizuri. Basi ugonjwa uko chini."

"Amesema tumsubiri."

"Mvua haimsubiri, dada. Imeshaanza kupiga radi kule Ukerewe. Tulikubaliana."

Mama yangu alikuwa mwanamke aliyebishana na makondakta, na walimu wakuu, na padri. Nilimgeukia nikimsubiri abishane. "Ni kweli," akasema. "Tulikubaliana." Akageuka akatazama ziwani.

Hapo ndipo jambo lote lilipogeuka kichwani mwangu, polepole na kwa kelele nyingi, kama kabati linaloanguka. Majibu mabaya yangeokoa miti. Majibu mazuri ndiyo yaliyoleta shoka. Mimi ndiye niliyeyaleta majibu mazuri. Ningepaswa kusema palepale.

Mjomba alianza na mti wa kwanza wa mstari wa kwanza. Kabla ya kuukata aliupapasa shina, akauambia "Wabeja," yaani asante, kama alivyomwambia kila mnyama wake. Kisha akapiga. Mchungwa ni mti mgumu. Alipiga muda mrefu, vipande vya njano iliyokolea vikirukia nyasi, na kila pigo majani yote yalitetemeka kwa pamoja. Ulipoanguka haukutoa mshindo niliouogopa. Ulitoa pumzi ndefu tu, na harufu yake yote ikatoka kwa mara moja.

Akachukua jembe akachimbua kisiki. Mizizi ilipofunguka, akaukata mmoja kwa panga, akachuchumaa. Ndani ulikuwa mweupe na msafi kama muhogo. Akakata wa pili, wa tatu. Akaunusa. Sijawahi kumwona mtu mzima amechanganyikiwa vile mbele ya kitu kizima.

"Hauna kitu," akasema kwa sauti ya chini. Mjomba akasimama, akajifuta jasho, akatazama mstari. "Labda huu ulikuwa bado. Tuone wa pili."

"Si majani yake."

Wakageuka wote wawili. Hata mimi nilishangaa, maana sauti ilikuwa yangu.

"Majani gani?" mama akauliza.

"Yaliyopimwa. Nilibadilisha. Nilichuma ya kisimani." Kisha nikalia kwa namna ambayo maneno yaliyobaki yalitoka vipande vipande. "Ili ifaulu."

Mjomba akaangua kicheko. Alicheka mpaka akaishiwa nguvu, akisema, "Mtoto wa mwalimu! Ameibia miti mtihani! Mtoto wa mwalimu huyu!" na akajitupa kukaa kwenye kitu cha kwanza kilichokuwa nyuma yake. Kikavunjika chini yake kwa sauti ya matawi. Akatazama alipokalia. Akaacha kucheka.

Nilimsubiri mama anichape. Alikuwa na mkono mwepesi, na kwa mara ya kwanza nilitamani autumie. Alinijia, akanifuta kamasi kwa upindo wa kanga yake, kwa nguvu kiasi kwamba pua iliniuma.

"Chuma," akasema.

"Nini?"

"Majani ya huu uliolala. Haraka, kabla hayajanyauka. Chuma kama alivyokufundisha."

Hatukuwa na mifuko ya kaki. Mama alichana karatasi za katikati ya daftari, akakunja bahasha, na mimi nikatambaa kwenye mti ulioanguka nikitafuta usawa wa bega wa mti ambao haukuwa tena na bega.

Jumatatu mama alifanya jambo ambalo hakulifanya tena maishani: alinitoa shule. Tulikwenda kwenye kituo cha utafiti alikofanya kazi Bi Koku, na huko nikalazimika kusema tena, nimesimama, mikono nyuma, ukweli wote kuanzia ugali na sato mpaka mbuzi. Bi Koku alisikiliza. Alivua miwani, akaitazama, akaivaa.

"Nilipoona majibu," akasema, "nilidhani mimi ndiye mgonjwa. Nilikwenda kupimwa macho. Hii miwani ni mpya."

Sikujua kwamba uongo wa mtu unaweza kumbadilishia mwingine miwani. Nilitazama sakafu. Baadaye nilihisi mkono wake kichwani, akanisukuma kuelekea mlango wa ndani. "Njoo uone vinywa vyao vinavyofunguliwa," akasema.

Maabara ilikuwa chumba cheupe chenye harufu ya siki na nguo zilizopigwa pasi. Fundi mmoja alikuwa anaosha majani moja moja, kama anaosha nyuso za watoto. Bi Koku alinionyesha tanuri la kuyakaushia, kinu cha kuyasaga, na mizani iliyofungiwa ndani ya kioo kwa sababu hata pumzi yangu ingeweza kuidanganya, na nikaona anaitazama pumzi yangu kwa mashaka ya haki. Mwishoni kulikuwa na tanuri jingine, dogo na zito. Lilikuwa limepoa. Akalifungua, akatoa kikombe cha kauri kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya mafuta. Ndani mlikuwa na majivu meupe, machache, ungeweza kuyapuliza yakaisha.

"Haya yalikuwa majani ya shamba la mtu mwingine. Ya kwenu yatafika hapa kesho," akasema. "Hiki unachoona ndicho kilichotoka ardhini. Ndicho tunachopima."

"Na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Jani. Limekwenda wapi?"

"Limerudi lilikotoka. Jani ni maji na hewa. Tawi pia, shina pia. Udongo unatoa kidogo hiki tu. Kingine chote mti unakivuta hewani na kwenye mvua, jua linakishona pamoja."

"Mti ni hewa?"

Bi Koku akafikiri. "Sehemu kubwa, ndiyo. Ni hewa iliyokubali kusimama."

Nimesoma falsafa kidogo tangu wakati huo, kwa lazima, na sijakutana na sentensi iliyonifanyia kilichonifanyia ile. Niligeuka nikaona meza ya mbao. Nikaona mlango. Nikaona mama, ambaye amekula viazi na mchicha miaka yake yote, amesimama pale na mkoba wake, na nikajiuliza yeye naye angebaki kiasi gani kikombeni. Kwa wiki kadhaa Igogo sikuweza kukaa kwenye kigoda bila kukisalimia. Na nikakitazama tena kile kikombe. Kidogo kama kile, na kukosekana kwa chembe tu ndani yake ndiko kulikoufanya mti mzima uwe wa njano, na mama asahau mboga jikoni.

Majibu ya kweli Bi Koku aliyaleta mwenyewe, kwa kivuko, kwa sababu alijua ni mabaya kwa nani. Tulikaa wanne kwenye baraza la Mjomba. Zinki kwenye majani ilikuwa karibu haipo. Fosforasi ilikuwa imefurika. Akaeleza taratibu: samadi ina fosforasi, na katika udongo wa boma la zamani imerundikana vizazi na vizazi mpaka imeifunga zinki, mizizi haiwezi kuichukua. Na kila mkokoteni ulioongezwa ulikaza fundo.

Mjomba akamgeukia. "Unasema ng'ombe wangu ndio wameumiza miti ya dada yangu."

"Nasema waliipenda kupita kiasi."

"Samadi inaweza kuzidi?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba kuna kitu kinaitwa ng'ombe wengi mno. Hakuwa anabisha. Alinyanyuka akaenda kusimama katikati ya mistari, kwenye ule udongo mweusi alioutoa kwa moyo wake wote, akauchota, akautazama kiganjani kama anauona siku hiyo. Nilidhani amekasirika. Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao, nadhani alikuwa ameona kitu kikubwa kuliko yeye, na amevua kofia kwa sababu hiyo. Kofia aliishika mkono wa pili mpaka aliporudi.

Dawa ilikuwa unga mweupe wa zinki, kiasi cha kujaa kopo, ukakorogwa kwenye maji pamoja na chokaa kidogo. Haikumwagwa chini, maana chini ingefungwa kama ile nyingine. Ilipuliziwa moja kwa moja kwenye majani. Mjomba alibeba bomba mgongoni na hakumruhusu mtu amsaidie. Samadi ikaanza kwenda kwenye mahindi. Mimi kila Jumamosi nilikimbia mbele ya mama kutoka kivukoni nikaangalia, na kila Jumamosi majani yalikuwa ya njano vilevile. Nikadhani tumechelewa. Bi Koku alicheka niliposhitaki. "Hayo hayatabadilika tena," akasema. "Yaliyokua na njaa yatakufa na njaa yao. Tazama nchani, subiri yatakayozaliwa."

Yalizaliwa baada ya mvua. Yalitoka yamekunjwa, laini kama ngozi ya kope, yakafunguka siku baada ya siku, mapana, na ukijani ukasambaa kutoka kwenye mishipa hadi ukingoni bila kuacha pengo. Miti hamsini na tisa. Mahali pa wa sitini palikuwa na shimo, na hakuna aliyelifukia. Tulilipita pembeni, kila mtu na sababu zake.

Msimu uliofuata vipimo vilipaswa kurudiwa, kuona kama zinki imetosha. Bi Koku alikuwa na safari, akampa mama mifuko miwili ya kaki. Tulipofika shambani mama alikuwa na madaftari ya darasa zima ya kumaliza kabla ya Jumatatu. Alikaa nayo barazani, akatoa mifuko kwenye mkoba, akaninyooshea pamoja na penseli.

"Nenda," akasema.

"Peke yangu?"

"Kwani hujui?"

Mjomba alikuwa machungani. Mama aliinamia madaftari yake, kalamu nyekundu mkononi, na hakuinua kichwa hata mara moja. Nilihakikisha, kwa sababu niligeuka mara nyingi. Nilipita mti kwa mti. Pande nne, usawa wa bega la Bi Koku, tawi lisilo na tunda. Karibu kila jani nililochuma lilikuwa zuri, na kila nililochuma niliinua kwanza juani, nikatazama mito yake na vile vitone vya mwanga, nikiwa bado siamini kwamba naruhusiwa.

Kwenye mti wa mwisho nilikuta tawi moja nyuma kabisa, upande wa ziwa, ambako labda bomba halikufika vizuri. Jani la umri wa kati lilikuwa hapo, mahali hasa panapotakiwa, dogo, jembamba, la njano. Upana wa kiganja juu yake kulikuwa na jingine, pana, la kijani, linalong'aa, changa kidogo tu kuliko inavyotakiwa. Ungehitaji miwani kuona tofauti ya umri wao.

Nikachuma la njano, nikalitia kwenye mfuko wa kaki.